Sahihi Yangu Ilikuwa ya Pili

Fomu ya kubadilisha somo la kufundishia ina nafasi tatu za sahihi: mkuu wa idara anayoiacha mwanafunzi, mshauri wake wa kitaaluma, na mkuu wa idara anayohamia. Yangu ilikuwa ya pili. Naitambua hata kwenye fotokopi iliyofifia, maana nikiwa na haraka herufi ya mwisho huwa naivuta chini kama mkia wa kenge. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula, foleni imetoka mlangoni pangu, imepita ofisi ya katibu, imefika kwenye ngazi, na kila aliyeingia alikuwa na karatasi mkononi na ombi lilelile: "Mwalimu, naomba unitilie sahihi."

(Kwetu idara ya Kiswahili sote tunaitwa Mwalimu, hata wenye uprofesa. Kwa majirani ni Daktari huyu na Profesa yule.)

Aliyeniletea fotokopi hiyo mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa binti wa mwaka wa pili anayesomea ualimu. Hakuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama ni kweli. Mtu fulani hosteli alikuwa amemwambia kwamba akimaliza, TSC, tume inayosajili walimu, haitamsajili, na alikuwa hajalala siku mbili.

Nilimkaribisha kiti, nikaomba anieleze polepole. Alipangiwa chuo na masomo mawili, Kiswahili na Historia. Yote mawili alikuwa amepata B ya kutoa (B-) kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wiki ya kwanza akaona ratiba: Historia saa moja asubuhi. Yeye anakaa Githurai, na kutoka huko hadi chuoni ni safari ya matatu. Wenzake wakamwambia Dini ni nyepesi, tena iko saa tano. Akachukua fomu, akajaza, akapanga foleni, akatiliwa sahihi tatu kabla ya chakula cha mchana. Dini alikuwa amepata C.

Sasa, anayetaka kusajiliwa na TSC kufundisha sekondari kwa shahada anatakiwa awe na C ya kujumlisha (C+) kwa jumla, na C ya kujumlisha katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Si siri. Kila mwalimu wa Kenya anaijua, mimi nikiwemo. Na ile C ya Dini haikuwa siri pia. Ilikuwa kwenye faili lake. Faili lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu.

Nikamwambia ni kweli. Akanyamaza. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho ameshajua hawezi kukinunua: "Kwa hivyo sasa nifanye nini, Mwalimu?"

Sikujua. Nina shahada tatu, nimeandika tasnifu nzima juu ya ngeli, lakini sikujua kama mwanafunzi aliyefika mwaka wa pili anaweza kurudi Historia, ni yuniti zipi zitahesabiwa, zipi zinafundishwa Januari na zipi husubiri Septemba. Mtu aliyekuwa akiyajua hayo idarani kwetu alikuwa amestaafu.

Tulikuwa tukimwita Mama Idara. Kwenye barua ya ajira alikuwa katibu: achape, apokee barua, aandae chai ya kikao. Lakini kwenye droo ya juu alikuwa na kaunta buku, lile gumu lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, na ndani yake ndimo idara ilimokuwa. Ukurasa wa kushoto aliandika namba ya yuniti. Wa kulia: muhula inapofundishwa, nani huifundisha, na yuniti gani lazima uwe umeipita kwanza. Mhadhiri akienda likizo ya masomo, Mama Idara alichora mstari mmoja juu ya jina lake kwa penseli, si kwa kalamu, kwa sababu watu hurudi.

Kurasa za nyuma ndizo zilizonivutia zaidi. Kila muhula, wiki ya tatu, alichukua orodha ya waliojisajili na orodha ya wanafunzi wote, akaziweka sambamba mezani, akateremka nazo kwa rula, mstari kwa mstari. Jina lililokuwa huku na halipo kule liliandikwa nyuma kwa wino mwekundu. Jioni, kabla ya kwenda kupanda matatu, alikuwa akipiga simu. "We kijana, mbona jina lako silioni? Uko wapi?" Wengine walikuwa nyumbani mashambani wakingoja karo. Wengine walikuwa hapahapa Nairobi, wamepata kibarua cha ulinzi usiku na asubuhi hawaamki. Mmoja alikuwa amelazwa hospitalini wiki ya pili, na hakuna mwalimu wake hata mmoja aliyejua, nami nikiwa mmoja wao.

Alipostaafu tulimchangia jiko la gesi na kadi kubwa ambayo wote tuliitia sahihi, haraka haraka, kama kawaida yetu. Kaunta buku lilibaki kwenye droo. Kijana aliyekuja baada yake, mwenye bidii kweli, aliona ni makaratasi ya zamani, kwa kuwa sasa kuna mfumo wa mtandaoni. Mfumo wenyewe ni mzuri. Unakuonyesha salio la karo hadi senti ya mwisho. Haukuulizi uko wapi.

Nayasema haya nikiwa nimewahi kukaa upande wa pili wa dawati. Nilisoma chuo kingine, hapahapa jijini. Mwaka wa tatu, fonolojia iligongana na yuniti ya Historia kwenye ratiba, nikaisukuma mbele. Mshauri wangu alitia sahihi bila kuinua macho. Nakumbuka alikuwa akitafuna karanga, na ganda moja likabaki kwenye fomu yangu. Mwaka uliofuata yuniti hiyo haikufundishwa kabisa. Nilikuja kutambua maana yake siku walipobandika orodha ya mahafali. Nilisoma majina kutoka juu hadi chini, nikasoma kutoka chini kwenda juu, kisha nikasoma orodha ya kitivo kingine, labda wamenichanganya huko. Kwetu Kitui, baba alikuwa ameshalipia matatu ya watu kumi na wanne, na mbuzi ameshafungwa nyuma ya nyumba. Mbuzi alichinjwa vivyo hivyo. Majirani waliambiwa ni shukrani ya mvua. Mimi nikakaa Nairobi mwaka mzima kwa ajili ya yuniti moja ya saa tatu kwa wiki, nikifundisha tuisheni Kayole ili nilipe chumba.

Leo mwaka kama huo ungeniumiza zaidi. Tangu 2023, mwanafunzi anayepangiwa chuo cha umma na KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, huwekwa kwenye kundi kulingana na uwezo wa familia yake: sehemu ya gharama ni ufadhili wa serikali, sehemu ni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na sehemu ni ya mzazi. (Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba, na kesi ikapanda ngazi. Wanafunzi wakaendelea kujaza fomu.) Ukikwama kwa yuniti moja, mwenye nyumba wa Kahawa Wendani hataki kujua ni moja au ni kumi. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia ushauri wa kitaaluma ukitajwa kama jambo la ustawi, kitu cha kuwekwa pamoja na siku ya michezo na kupanda miti. Ni pesa za watu, na mara nyingi ni pesa za ng'ombe aliyeuzwa.

Kitabu cha mwongozo kinasema kila mwanafunzi ana mshauri. Hakidanganyi. Mimi ni mshauri wa wanafunzi 126. Niligawiwa kwa alfabeti, kwenye ubao wa matangazo, kuanzia K hadi M, na yeyote anayeyajua majina ya Kenya anajua kwamba K hadi M ni nusu ya nchi. Hakuna aliyenieleza mshauri hufanya nini. Hakuna aliyenipa muda wa kuifanya kazi hiyo. Haimo kwenye saa zangu za kufundisha wala kwenye fomu ya tathmini. Nitapanda cheo kwa machapisho na kwa wanafunzi wa uzamili niliowasimamia. Hakuna kisanduku cha "alimzuia mtu asipoteze mwaka".

Kiswahili chenyewe kina kejeli hapa, na mniwie radhi, hii ndiyo kazi yangu. Neno shauri limetupa mshauri, na neno hilohilo limetupa "shauri yako". Mwalimu wa sarufi atasisitiza iwe "shauri lako", lakini anayekuambia nenda ukajionee mwenyewe hangoji upatanisho wa kisarufi. Kati ya maana hizo mbili, ile foleni ya wiki ya kwanza iko karibu zaidi na ya pili. Nakutilia sahihi, shauri yako.

Wala si kwamba wanafunzi hawaulizi. Wanauliza kwingine. Ushauri wa kwanza wa chuo kikuu ambao Wakenya wengi huupata ni wa kijana wa saiba, yule wa duka la intaneti anayekujazia maombi ya KUCCPS huku akimjazia mwingine ya HELB na kumchapishia wa tatu cheti cha KRA, mamlaka ya kodi. "Weka ualimu, hiyo haikosi." Ukifika chuoni, unamuuliza kiongozi wa darasa kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku, naye anajibu, jambo ambalo mimi silifanyi. Unamuuliza komredi wa mwaka wa nne. Unamuuliza mwenye fotokopi pale chini ya ngazi, ambaye anajua mtihani gani umesogezwa kabla ya mimi ninayeusimamia kujua. Nilikuwa nikiwadharau watu hawa. Siku hizi sithubutu. Tatizo lao ni moja tu: wanachokijua ni cha mwaka jana. Yule aliyesema Dini ni nyepesi hakusema uongo. Kwake yeye ilikuwa nyepesi, tena alikuwa na B.

Baada ya binti yule kuondoka, nilikaa usiku nikisoma wenzetu wa kwingine wamefanya nini. Visa viwili vilinibakia.

Huko Atlanta, Marekani, chuo kikuu cha Georgia State tangu 2012 kina mfumo unaopitia rekodi za wanafunzi wote kila usiku ukitafuta dalili zaidi ya 800 za mtu anayeanza kupotea njia: amejisajili yuniti isiyo ya kozi yake, ameshuka alama kwenye somo la msingi. Habari hiyo ikifika kwetu, watu husikia neno moja, kompyuta, na kesho yake kuna mzabuni mlangoni mwa makamu wa chansela. Lakini chuo kile kiliajiri washauri wapya zaidi ya arobaini kwa wakati huohuo. Mashine inapiga kengele. Mtu ndiye anayenyanyua simu. Nikasema moyoni, kumbe ni Mama Idara na rula yake, ila wao wamemwongezea umeme na mshahara.

Kisa cha pili ni cha chuo kikuu cha jiji la New York, CUNY, ambacho mwaka 2007 kilianzisha mpango uitwao ASAP kwa wanafunzi wa vyuo vyake vya miaka miwili. Mshauri anapewa wanafunzi wachache, na kuonana naye ni lazima, si hiari. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, kundi moja likaingia kwenye mpango na jingine likaendelea kama kawaida. Baada ya miaka mitatu, waliohitimu katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 40. Katika la pili, 22. Lakini kipengele nilichokisoma mara tatu ni kwamba waliwapa wanafunzi kadi ya usafiri wa bure. Nauli! Mtu fulani alikaa kwenye kikao cha ushauri wa kitaaluma akafikiria nauli. Kama mimi ningemuuliza binti wa Githurai sababu ya kuikimbia Historia, jibu lingekuwa matatu ya alfajiri, si Historia.

Basi nikaanza na kilicho ndani ya uwezo wangu. Nilihama ofisini. Jumanne na Alhamisi, saa saba hadi saa nane, nikawa nakaa kwenye benchi la kibanda cha chai kilicho mkabala na mwenye fotokopi, na mafaili kwenye kikapu cha kiondo. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili alikuja mmoja akauliza kama kutakuwa na kazi ya kuandika kabla ya mtihani. Baadaye niliambiwa wanafunzi walidhani nimetumwa kuwavizia wanaokwepa darasa la saa saba. Aliyeniokoa ni mama mwenye kibanda. Alimgeukia kijana aliyekuwa akinung'unika juu ya yuniti huku akichovya mandazi, akamwambia, "Si huyo hapo ni wenu? Muulize yeye, mimi napika tu."

Tangu siku hiyo huja. Hawaji wengi: wanne, sita, siku nyingine kumi. Jambo nililojifunza pale ni kwamba swali la kwanza si swali lenyewe. Mtu huanza na ratiba. Ukimwachia kimya kidogo, chai ikapoa, ndipo unasikia kwamba ana sapu mbili, mitihani ya kurudia, ambazo hajawaambia nyumbani, au alama za muhula mzima hazionekani kwenye mfumo na kila ofisi inamtuma kwa nyingine. Ofisini kwangu, na watu arobaini nyuma yake, hilo la pili lisingetoka kamwe.

Kwenye kikao cha idara nilipeleka mapendekezo mawili. Kwanza, fomu yoyote ya kubadilisha somo isitiwe sahihi bila nakala ya matokeo ya KCSE kubanwa nyuma yake. Hilo lilipita baada ya dakika arobaini, thelathini kati ya hizo tukijadili nani atanunua stepla. La pili, kwamba saa za ushauri zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri kama zinavyohesabiwa za darasani. Hilo lilipelekwa kwenye kamati. Liko kwenye kamati. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu aliniambia hawa ni watu wazima, wana vitambulisho, tusiwalee. Nilimjibu kwamba mimi pia ni mtu mzima mwenye kitambulisho, na bado nikienda benki huwa nasimama pale penye maandishi "Ulizia Hapa". Hakucheka.

Na kuna wanaokuja nyuma. Kundi la kwanza la mtaala mpya, CBC, lilifanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, mwaka 2025, na tayari limechagua mkondo wa sekondari ya juu: wa sayansi na hisabati, wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Wana miaka kumi na minne, kumi na mitano. Watakapotufikia watakuwa wamebeba miaka mitatu ya uamuzi ambao huenda ulifanywa saiba. Hilo ni la siku nyingine, nikianza hapa sitamaliza.

Binti yule amerudi Historia. Anakaa na watoto wa mwaka wa kwanza, wao wanamwita dada. Saa kumi na moja alfajiri yuko stejini Githurai. Bado hatujajua kama atamaliza na wenzake au atachelewa muhula mmoja. Inategemea yuniti moja ya Historia ya Afrika ambayo mfumo unasema ipo na mwenye kuifundisha anasema haipo. Nilimwomba radhi. Aliniambia, "Ni sawa tu, Mwalimu, hata mimi sikuuliza," na natamani angenikasirikia.

Nimenunua kaunta buku. Jalada jeusi, mgongo mwekundu, dukani River Road. Lile la zamani lilipatikana kwenye katoni pamoja na ripoti za chuo za miaka ya tisini, lakini kurasa nyingine zimelowa na hazisomeki, kwa hiyo juzi nilimpigia Mama Idara, ambaye sasa anafuga kuku kwao Busia. Tulisalimiana kwanza, tukaulizana watoto na mvua. Kisha nikaanza kumsomea namba za yuniti, naye akawa anajibu bila kusita, kuku wakilia nyuma yake. "Hiyo ni Septemba tu. Hiyo lazima apite ya mwaka wa pili. Hiyo hapana, hiyo waliifuta, chora mstari." Tulikwenda hivyo kama nusu saa.

Nilipokuwa karibu kumuaga, akaniuliza habari za kijana mmoja wa Mwingi, mrefu, aliyekuwa amebakiza fonetiki peke yake mwaka ule yeye alipostaafu. Alitaka kujua kama alimaliza.

Nikamwambia nitaangalia.